Mwongozo wa kuendesha baiskeli penye watu walioinamia simu

Mtu aliyezama kwenye simu hutembea kana kwamba njia nzima ni yake. Hana nia mbaya. Macho yameganda kwenye kioo cha simu, masikio yamezibwa na muziki, na miguu inajiendea yenyewe. Ukiwa juu ya baiskeli huwezi kumbadilisha, na kumkasirikia ni kupoteza pumzi. Unachoweza ni kupanga mwendo wako, nafasi yako na vidole vyako kabla hujamfikia.

Kabla ya hatua zenyewe, shika neno hili kuhusu kengele: kengele ni hodi. Ukibisha hodi usipoitikiwa, huingii. Waendeshaji wengi hupiga kengele kisha wakaendelea kukanyaga pedali kana kwamba wameshakaribishwa ndani, na hapo ndipo mambo huharibika.

Hatua ya 1: Jua unahitaji mita ngapi kusimama

Wengi hudhani baiskeli husimama papo hapo kwa kuwa ni nyepesi. Piga hesabu. Ukienda kilomita 20 kwa saa, mwendo wa kawaida tu wa mtu anayewahi kazini, kila sekunde unamaliza mita tano na nusu. Ubongo unataka kama sekunde moja kuiona hatari na kuamrisha vidole vibane breki. Ukishtukizwa, muda huo hurefuka. Baada ya hapo breki zenyewe, zikiwa nzima na lami ikiwa kavu, zinataka kama mita nne nyingine. Jumla ni mita tisa na ushee. Ukienda kilomita 30 kwa saa, jumla hufika kama mita 17, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Ukishuka hadi kilomita 10 kwa saa, unasimama ndani ya mita nne.

Sasa mgeukie anayetembea. Mtu mzima hutembea kama mita 1.4 kwa sekunde. Tuseme unampita ukiwa umemwachia mita moja, naye akakata ghafla kuja upande wako. Ile mita ataimaliza kabla ya sekunde kwisha, yaani kabla vidole vyako havijaanza kazi. Ndiyo maana nafasi peke yake haitoshi. Nafasi ikipungua, mwendo nao lazima ushuke.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki. Nikiwa na mita mbili au zaidi kati ya ncha ya usukani na bega la mtu, sizidi kilomita 15 kwa saa. Nikiwa na mita moja, nashuka hadi mwendo wa mtu anayetembea harakaharaka, kama kilomita 7 au 8. Chini ya hapo natia mguu chini au nashuka na kuisukuma. Wapo watakaosema huo ni uoga. Wapige hesabu ya hapo juu wenyewe.

Hatua ya 2: Breki ziwe tayari kabla ya kuhitajika

Kagua kabla ya kutoka. Bana mkono wa breki kwa nguvu: ukigusa usukani, waya umelegea au raba zimekwisha. Sukuma baiskeli mbele huku umebana breki ya mbele peke yake. Gurudumu la mbele likiendelea kuzunguka, hiyo si breki ya kwendea penye watu.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu. Unapopunguza mwendo ghafla, uzito wa mwili na baiskeli hulalia gurudumu la mbele, na la nyuma hubaki jepesi. Ukitegemea ya nyuma tu, gurudumu litafunga na kuburuzika, na utahitaji takriban mara mbili ya umbali. Wengi huiogopa ya mbele kwa hofu ya kupinduka, na hofu hiyo ina msingi ukiifinya yote kwa mkupuo mmoja. Dawa ni kuifinya kwa kuongeza nguvu taratibu, pamoja na ya nyuma, huku ukisukuma makalio nyuma ya tandiko na kunyoosha mikono. Fanyia mazoezi mahali patupu mpaka mwili uzoee, maana siku ya siku hutapata muda wa kufikiri.

Ukiazima baiskeli, uliza mkono upi ni wa mbele. Uingereza kwa kawaida ni wa kulia, Marekani ni wa kushoto. Kulijua jambo hilo katikati ya dharura ni kuchelewa.

Halafu vidole. Kila unapoingia eneo lenye watu, laza kidole kimoja au viwili juu ya kila mkono wa breki. Kuvitoa vidole kwenye vishikio na kuvipeleka kwenye breki hula sehemu ya sekunde, na kwa kilomita 20 kwa saa, theluthi moja ya sekunde ni karibu mita mbili. Hizo mita mbili umezipata bure.

Hatua ya 3: Soma mwili

Usitegemee macho ya mtu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Ira Hyman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Washington, Marekani. Walimweka mchekeshaji aliyevaa mavazi ya rangi kali akiendesha baiskeli ya gurudumu moja kwenye uwanja wa chuo, kisha wakawauliza wapita njia kama wamemwona. Miongoni mwa waliokuwa wakiongea na simu, robo tu ndio waliosema ndiyo. Waliotembea peke yao bila kifaa chochote walikuwa karibu nusu; waliokuwa wakisikiliza muziki, kama sita kati ya kumi; waliotembea wawili wawili, kama saba kati ya kumi.

Hapo kuna mambo mawili ya kuchukua. Kwanza, anayeongea na simu anaweza kukuelekezea uso wake wote na bado asikuone, kwa kuwa akili yake iko kwa yule wa upande wa pili wa simu. Pili, mwenye muziki masikioni si kipofu. Huyo tatizo lake ni kutosikia, hivyo kengele haitamsaidia, lakini ukiingia mbele ya macho yake mapema, kuna matumaini.

Kwa hiyo tazama mabega na visigino. Mtu hawezi kukata kona bila bega kutangulia na kisigino kugeuka. Bega likishuka upande wako, yeye tayari anakuja, hata kama uso bado uko kwenye simu.

Tena watu wa simu hawafanani. Anayeandika ujumbe huenda polepole na mstari wake hupinda. Anaanzia ukingoni, baada ya hatua kumi yuko katikati. Anayeongea huzungukazunguka, hasa mazungumzo yakipamba moto. Hupunga mkono, husimama, hugeuka alikotoka bila sababu unayoiona wewe. Anayefuata ramani ni hatari ya aina yake: ule mshale kwenye kioo ukigeuka, naye hugeuka palepale, pengine nyuzi 180 kamili, na kukukuta uso kwa uso. Anayepiga picha hurudi kinyumenyume ili watu wote waenee, na hatazami nyuma hata mara moja. Ukiona mkono umenyooshwa na simu juu, hesabu kwamba nyuma yake kuna mita tatu ambazo si zako.

Yuko mwingine ambaye hatajwi sana: anayesubiri gari aliloliita kwa simu. Husimama ukingoni, anatazama kioo, anainua kichwa kusoma namba za magari yanayokuja, anarudi kwenye kioo. Macho yake yanatafuta gari la rangi fulani na namba fulani. Baiskeli haimo kwenye orodha. Akidhani ameliona, anashuka barabarani moja kwa moja. Huyo mpitie mbali, au simama.

Hatua ya 4: Zijue sehemu wanakoibukia

Kituo cha basi ni cha kwanza. Basi likisimama, watu hushuka huku wakifungua simu kuwaambia wenzao wamefika, na wengine huzunguka mbele ya basi kuvuka. Usipite kati ya basi na ukingo wa njia wakati milango iko wazi. Subiri, ni sekunde chache.

Kwenye taa za barabarani, aliyeinamia simu hafuati taa. Anafuata miili ya walio pembeni yake. Mmoja mwenye haraka akivuka kabla ya wakati, wawili watatu wa simu humfuata bila kuinua kichwa. Hivyo taa yako ikiwa kijani, usiruke kama mwanariadha. Tazama pande zote mbili, hakikisha mkia wa kundi umekwisha, ndipo ukanyage. Na ukikaribia taa iliyokuwa kijani muda mrefu, acha kupiga pedali.

Kati ya magari yaliyoegeshwa kila upenyo ni mlango. Kaa mbali na magari hayo kiasi cha urefu wa mlango uliofunguliwa. Utawakwepa wanaofungua milango bila kutazama, na pia utamwona mapema anayechomoza na simu mkononi. Milango ya shule, ofisi na masoko saa ya kutoka haihitaji maelezo.

Hatua ya 5: Bisha hodi mapema, na sikiliza jibu

Kengele ikipigwa karibu mno humshtua mtu, na mtu aliyeshtuka haamui, anaruka. Piga ukiwa mita 20 hadi 25 nyuma yake. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hiyo inampa kama sekunde nne: kusikia, kuelewa, kutazama, kuchagua upande. Mlio mmoja au miwili mifupi inatosha. Mfululizo wa milio humfanya mtu ababaike, na wengine hukasirika wakakaa palepale kwa makusudi.

Kisha ngoja jibu, ukiwa tayari umeacha kupiga pedali. Jibu ni kichwa kugeuka, mkono kuinuka, au mtu kusogea na kubaki aliposogea. Kusita kidogo si jibu. Kuinua kichwa na kutazama mbele si jibu pia; amesikia kitu, hajui kiko wapi.

Usipoona jibu, yeye hajakusikia, mambo yameishia hapo. Punguza hadi mwendo wa kutembea, sogea, na sema kwa sauti ya kawaida: "Samahani, napita." Sauti ya binadamu hueleweka kuliko kengele, kwa kuwa inaonyesha umbali na upande. Usiseme "kulia!" au "kushoto!". Wewe unamaanisha unapita kulia, yeye anasikia amri ya kwenda kulia, na mnakutana hukohuko. "Pisha!" nayo siipendi, ni amri, na mtu anayeamrishwa ghafla hukimbilia popote.

Wakiwa wawili, usipite katikati. Kengele ikilia, mmoja huruka huku, mwenzake kule, halafu mmoja wao hubadili mawazo akamfuata mwenzake, na hapo katikati ndipo ulipo wewe. Subiri watulie upande mmoja. Mtoto aliyeshikwa mkono na mzazi mwenye simu, au mbwa aliyefungwa kamba, hesabu kwamba kamba au mkono huo utanyooka kabisa kukukatia njia.

Hatua ya 6: Chagua upande wa kupitia

Mtu anapovuka mbele yako, pitia nyuma yake. Lenga pale alipotoka. Ukijaribu kumuwahi kwa mbele, mnashindania nafasi moja, na yeye hajui kwamba kuna mashindano. Punguza kiasi ambacho ukifika, yeye ameshaondoka.

Kanuni hiyo ina tundu moja. Mtu akishtuka katikati ya barabara, mara nyingi hurudi alikotoka. Mwaka 2019 mahakama moja ya London iliamua kesi ya ajali ya namna hiyo, iliyotokea mwaka 2015. Mwanamke alikuwa akivuka huku akitazama simu. Mwendesha baiskeli alikuwa na taa ya kijani, alipiga honi, akapaza sauti, akabana breki na kukwepa. Mwanamke alipotanabahi alibabaika, akarudi nyuma, naye mwendeshaji alikuwa amekwepea upande huohuo. Wote wawili waliumia. Jaji aliwagawia lawama nusu kwa nusu, akisema mwendesha baiskeli lazima awe tayari wakati wote kwa watu wanaofanya mambo yasiyotarajiwa. Mwendeshaji hakuwa ameleta madai yake mwenyewe, hivyo alijikuta akilipa fidia na gharama za kesi.

Wengi waliona hukumu hiyo ilimwonea, na nawaelewa. Lakini kwa upande wa kuendesha, funzo lake ni la kiufundi: mtu akishashtuka, usimkwepe kwa kasi. Nyoosha usukani, bana breki zote mbili, simama. Baiskeli iliyosimama inakwepeka. Inayoyumba huku na huku haikwepeki, kwa kuwa yule mwingine naye anajaribu kubahatisha utaelekea wapi. Kukwepa kunafaa ukiwa umeshapunguza mwendo na mwenzako ametulia mahali pamoja. Na usibane breki huku umekata kona. Gurudumu la mbele likiteleza hapo, utaanguka bila onyo.

Hatua ya 7: Usiku na mvua

Usiku, mtu mwenye simu ana uso unaong'aa, kwa hiyo wewe unamwona vizuri. Usidanganyike kwamba naye anakuona. Macho yaliyozoea mwanga wa kioo huhitaji muda kuzoea giza, na akiinua kichwa mara ya kwanza huona weusi tu. Washa taa ya mbele isiyowaka na kuzimika, ielekee chini kidogo isimpofushe. Mwanga unaotambaa ardhini mbele ya miguu yake mara nyingi humtoa kwenye simu kabla ya kengele, maana unaingia ndani ya eneo analolitazama.

Mvua inaongeza miavuli na kofia za makoti, na inapunguza breki. Raba zinazobana ringi iliyolowa huchukua muda kuanza kukamata, kwa kuwa lazima kwanza zifute maji. Zibane kidogokidogo mapema ili kuikausha ringi, na uongeze umbali wako karibu nusu tena. Epuka michoro ya rangi ya kivuko na mifuniko ya chuma. Ukivikanyaga, pita wima bila breki.

Wanaotumia baiskeli za umeme waongeze tahadhari. Hazina sauti, ni nzito zaidi, na huondoka kwa nguvu kuliko mtembea kwa miguu anavyotarajia. Akikudhania uko mbali kwa makisio ya baiskeli ya kawaida, wewe umeshafika.

Hatua ya 8: Simu yako nayo

Nisingependa kuiandika hatua hii, lakini nimewaona waendeshaji wengi mno wakisoma ujumbe kwa mkono mmoja huku wakiwalaani wanaotembea. Uholanzi ilipiga marufuku kushika simu ukiwa unaendesha baiskeli kuanzia Julai 2019. Mkono mmoja usukanini maana yake ni breki moja, na huenda si ile ya mbele. Ukihitaji ramani, simama pembeni, nje ya njia ya wengine.

Muziki masikioni uache pia. Unahitaji kusikia gari lililo nyuma yako kabla hujapanua njia kumpita mtu. Wengi hukodolea macho aliye mbele, wakampisha vizuri kabisa, wakajiingiza kwenye gari. Tazama nyuma begani kwanza, kisha ndipo usogee. Kama nyuma kuna gari na mbele kuna mtu, usijibane katikati; punguza, liache gari lipite.

Na kwenye njia ya watembea kwa miguu pekee, shuka usukume. Kwenye njia ya pamoja, mstari uliochorwa chini haumfungi mtu asiyeutazama.

Mkigongana licha ya yote

Ondoeni hatari kwanza: baiskeli itoke njiani, mtu mmoja awasimamishe wengine. Aliyeumia asiinuliwe kwa haraka. Akilalamika shingo au mgongo, au akiwa hajitambui, asisogezwe isipokuwa palipo na hatari kubwa zaidi, na msaada wa dharura uitwe. Aliyegonga kichwa apelekwe kwa daktari hata akisema yuko sawa. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au kichwa kinachozidi kuuma ni dalili za kukimbiza hospitali mara moja.

Usiondoke. Peaneni majina na namba, chukua za mashahidi, piga picha za mahali penyewe. Usibishane hapo nani alikuwa na simu. Eleza ulichokiona bila kuongeza chumvi, na taarifa kwa polisi utoe kama sheria ya mahali ulipo inavyotaka.

Kabla ya kupanda tena, inua gurudumu la mbele ulizungushe: likiyumba au likigusa raba za breki, ringi imepinda. Tazama kwa upande uma, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, kama umepinda, halafu nyoosha usukani ulingane na gurudumu. Bana breki zote mbili kwa nguvu zako zote. Kimoja kikikutia shaka, isukume hadi kwa fundi.